SIMU INAPOLIA KWA AJILI YA DENI



Kwa kawaida ukurasa huu unawaeleza habari za kofia ya chuma, vumbi la mawe, malaria na kuhara kwa watoto. Leo tunasema juu ya simu ya mkononi. Musicheke. Watu wanafika kwenye dispanseri na kichwa kinachouma, moyo unaopiga mbio, usingizi umekimbia. Tunapima presha, tunakuta 16 juu ya 10. Tunauliza habari za chumvi, za pombe, za kazi. Mgonjwa anajibu vizuri. Ni wakati anaposhika mlango ili atoke ndipo anasema: « Kuna mtu ananidai. Ananipigia simu kila usiku. »

Huo nao ni ugonjwa wa kazi, hata kama haukutoka shimoni. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake yanachelewa kama ya mtu mwenye pombe nusu gramu katika kila lita ya damu. Mtu huyo umpe lori la tani 100, au umtume kuangalia mawe ya juu kama yamelegea! Wenzake wote wako katika hatari pamoja naye.

Tuanze na deni lenyewe. Wengi wetu hatukopi kwenye banki ya kweli, tunakopa kwa mtu wa mtaa. Watu wanaiita « banki lambere », lakini si banki hata kidogo: haina ruhusa wala ofisi. Tufanye hesabu. Unachukua dola 100, faida ni 50 kwa mia kwa kila mwezi. Mwisho wa mwezi unatakiwa kurudisha 150. Huna. Unatoa 50 tu, za faida, na deni linabaki palepale. Ukifanya hivyo miezi 6, umekwisha kulipa dola 300, na bado unadaiwa 100 zile za kwanza. Mara nyingi mkopeshaji anashika pia kadi yako ya banki pamoja na namba ya siri, au kadi yako ya mchaguzi. Mshahara ukiingia, yeye ndiye anafika kwenye mashine mbele yako. Usikubali. Ukiwa umekwisha kumpa kadi, nenda kwenye banki yako, uombe waifunge na wakupe nyingine. Deni linabaki deni, lakini mshahara unapita kwanza mikononi mwako.

Sasa, simu inalia. Sauti inasema: « Kesho polisi wanakuja kukufunga. » Je, ni kweli?

Mapatano ya mataifa juu ya haki za raia, ambayo nchi yetu iliyaingia mwaka 1976, yanasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hawezi kutiwa gerezani kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya deni. Deni ni jambo la tribinali ya madai. Lakini sikieni vizuri, maana wengine wanapenda kusikia nusu tu. Aliyetoa sheki isiyo na pesa, aliyedanganya ili apewe mali, aliyeuza kitu alichoachiwa kukilinda, huyo si mwenye deni tu, amefanya kosa, na anaweza kushitakiwa. Na kama polisi wakikuita, nenda, ukiwa na mtu anayekujua, na uombe wito ulioandikwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 18, inasema polisi hawawezi kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka ya hukumu.

Anayetaka kweli kulipwa kwa nguvu ana njia yake. Anakwenda tribinali, anapata karatasi ya hakimu, na huisie anakuletea karatasi hiyo. Karatasi ya namna hiyo usiitie katika sanduku! Ndani yake mumeandikwa siku ulizopewa za kukataa au kujieleza, na siku hizo ni chache. Lakini mtu wa simu si hakimu wala huisie. Hawezi kuchukua televizio yako, wala magodoro, wala bati za nyumba.

Anasema tena: « Nitaongea na shefu wako, wakate mshahara wako wote. » Hapana. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inalinda mshahara. Kwa deni la watu wa inje, sehemu ya mshahara isiyopita mara tano ya mshahara wa chini wa daraja lako inaweza kukatwa sehemu moja ya tano tu. Na kwa kile kinachozidi, sehemu moja ya tatu. (Chakula cha watoto na cha bibi uliyemwacha ni habari nyingine: hapo wanaweza kukata sehemu mbili za tano, na mimi naona ni haki.)

Na kuhusu faida ile ya 50 kwa mia: sheria ya makosa ya Kongo inaadhibu mkopeshaji anayetumia shida au kutojua kwa mwenzake ili kudai faida inayopita ile ya kawaida. Ndiyo sababu wengi wao wanapenda simu ya usiku kuliko mlango wa tribinali. Ndiyo sababu pia wanaandika katika karatasi kwamba umepokea 150, na mkononi wanakupa 100. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi isiyosema pesa ulizopokea kweli, na usitie kamwe kwenye karatasi nyeupe.

Basi, ujibu namna gani? Kwa upole, na kwa maneno machache. Uliza jina lake, anamdai nani, kiasi gani, tangu tarehe gani. Mwambie akuletee karatasi. Usiahidi kitu katika simu. Woga unaahidi pesa ambazo mfuko hauna. Kisha andika katika kaye saa, siku na maneno aliyosema. Ujumbe wa matusi usiufute. Kumtisha mtu kwamba utamwua au utachoma nyumba yake ni kosa katika sheria ya makosa, na Code ya numérique ya 13 Machi 2023 inaadhibu pia kumsumbua mtu kwa njia ya simu na mitandao.

Kuna na wezi tu. Wanapiga simu wanasema unadaiwa na kampuni ya simu, utume pesa sasa hivi, au uwaambie namba ya siri ya pesa za simu yako. Namba ya siri haiulizwi na mtu wa kweli. Kata simu, uende mwenyewe ofisini uulize.

Mama, wakikupigia wewe wakati baba yuko kazini ya usiku, jibu: « Hayupo, mutaongea naye. » Usiseme « tutalipa ». Kaka, jirani, mtoto mkubwa, hawadaiwi kitu ikiwa hawakutia sahihi kuwa wadhamini. Watoto wadogo wasipokee simu hiyo.

Ikiwa deni ni la kweli, na mara nyingi ni la kweli, usijifiche. Mwite mdai mchana, mbele ya mtu mzima anayeheshimiwa na ninyi wawili. Patana naye kiasi cha kila mwezi ambacho kinaacha unga na karo ya shule nyumbani. Kila unapolipa, dai risiti. Usikope kwa wa pili ili kulipa wa kwanza. Afadhali zamu yako ya likelemba ije mbele, wenzako wakikubali.

Usiku, zima simu kabla ya kulala, hasa kesho ukiwa na kazi ya asubuhi. Dawa ya presha usiiache kwa sababu ya deni. Na ukisikia mwenzako anasema afadhali afe kuliko kuishi na aibu hii, usimwache peke yake: umlete dispanseri siku hiyohiyo, hata usiku. Kaye na karatasi za deni uzipeleke kwa delege wa sindika au kwa asistanti sosiali, uzisome pamoja naye mbele ya kutia sahihi nyingine.