Si Kila Muwasho ni Aibu

Sisi wa Louisville, Columbus na Buffalo tumekulia Kiswahili cha nyumbani: ugali, sombe, shikamoo. Cha hospitali hatukukipata. Mwenzetu mmoja alipotokwa na vipele sehemu za siri, alinyamaza wiki mbili. Angemwambiaje mama? Jina alilolijua ni magonjwa ya zinaa, na zinaa kwetu ni dhambi kabla ya kuwa ugonjwa. Alipopimwa, hakukutwa na ugonjwa wowote. Ulikuwa wembe tu.

Tumejifunza mambo mawili. Kwanza, wembe, sabuni yenye manukato, nguo za kubana na fangasi, vyote huwasha. Pili, na hili ndilo zito, kutowashwa si dalili ya usalama. Klamidia na kisonono huweza kukaa mwilini kimyakimya, hasa kwa wanawake. Kidonda cha mwanzo cha kaswende kwa kawaida hakiumi, nacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukibaki. Yote matatu hutibika kwa antibiotiki, lakini macho hayapimi. Ukiwa na shaka, nenda ukapimwe.

Na tunapowasindikiza wazazi wetu hospitali, tuombe mkalimani. Ni haki yao, tena bila malipo. Kuna maswali ambayo mama hawezi kuyajibu kupitia kwa mwanawe.

Walimu wetu, tunaomba kipindi kimoja cha maneno haya: muwasho, usaha, kisonono, kaswende. Mmetufundisha kuagiza chai. Tufundisheni pia kusema panapouma.