Moshi Kwanza, Spana Baadaye

Trekta kuukuu likigoma kuwaka asubuhi ya kulima, watu wawili hawakosekani shambani: mmoja atasema pampu imekufa, mwingine atasema injini inataka ovahoo. Kwa kawaida hakuna hata mmoja wao aliyetazama bomba la moshi. Mimi huanzia hapo, maana kutazama ni bure.

Nichukue mfano wa Massey Ferguson 135. Lilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964, na lile la dizeli lina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, nguvu ya farasi kama 45. Halina kompyuta wala sensa. Linachotaka ni dizeli safi, hewa, na mgandamizo wa kuipasha hewa hiyo joto mpaka dizeli iwake yenyewe.

Mwombe mwenzako apige stata, wewe simama kando uangalie bomba. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli unakwambia mafuta yanafika ila hayawaki: injini ni baridi, stata inazungusha kivivu, au mgandamizo umechoka. Asubuhi za Juni kule Makete na Njombe, tatizo hilo huisha dereva akikumbuka kugeuza ufunguo upande wa kupasha na kusubiri sekunde kama 15 kabla ya kupiga stata. Stata ikilia "tik" na kunyamaza, safisha vichwa vya betri na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Betri mpya inunuliwe baada ya hapo, kama bado itahitajika.

Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Anza na kitufe cha kuvuta, kile cha kuzimia. Waya wake ukiingia kutu, kitufe kinarudi ndani vizuri huku mkono wa injekta pampu ukibaki umezima. Nenda kwenye pampu yenyewe ukauone mkono huo ukitembea, usiamini kitufe.

Kisha fungua sehemu ya chini ya filta na ukinge kwenye chupa inayoonyesha ndani. Dizeli ya shambani hukaa kwenye mapipa na madumu, maji yanatuama chini, na anayemimina kwa haraka humimina yote. Ukiona maji, safisha na tanki.

Hewa inatolewa kwa kufuata njia ya mafuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, halafu tumia ule wenzo mdogo wa pampu ya kuvuta, ubavuni mwa injini. Wenzo ukiwa mlegevu na hausukumi kitu, usiihukumu pampu: pengine kamu imesimama mahali pabaya. Zungusha injini kidogo, ujaribu tena. Povu likiisha, funga, uhamie kwenye injekta pampu: legeza skrubu ya ubavuni, kisha ile ya juu. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli, fungua mafuta mpaka mwisho, piga stata hadi dizeli itoke, kaza. Giaboksi iwe huru muda wote, na kidole kisikaribie nozeli: dizeli ya presha ile hupenya ngozi na kuingia mwilini, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Hewa ikirudi kila siku, kuna mahali inapoingilia, na mimi hushuku kwanza washa za shaba. Zikibanwa mara nyingi huwa ngumu. Kama mpya hazipatikani, zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zichovye majini. Shaba, tofauti na chuma cha panga, hulainika kwa kufanyiwa hivyo, nayo itaziba tena.

Kuna ugonjwa mmoja ninaoupenda kwa sababu tiba yake ni sindano. Trekta linalima nusu saa, linafifia, linazima, likipumzika, linawaka. Fungua kifuniko cha tanki usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, tundu dogo la kifuniko limeziba kwa vumbi.

Moshi mweusi: angalia kisafisha hewa kabla ya nozeli. Wa bluu ni oili inayoungua, na huo kweli unaweza kuwa wa ovahoo. Ila oili ikiongezeka kwenye kijiti na kunuka dizeli, usiendeshe: huenda kiwambo cha ile pampu ya kuvuta kimepasuka na kinamwaga dizeli kwenye sampu. Injekta pampu usiifungue shambani hata ukibembelezwa. Vipuri vyake vimekaribiana kiasi kwamba chembe ya mchanga inatosha kuviharibu, na kuiseti kunataka mashine ya kupimia.

Upande wa nyuma una mtego wake. Mikono ya kunyanyulia plau haipandi, fundi anaanza kufungua kifuniko kilicho chini ya kiti, kazi ya mchana kutwa. Katika trekta hili pampu ya haidroliki inazungushwa na shafti ya PTO, ile inayozungusha zana za nyuma. Wenzo wa PTO, upande wa kushoto, ukiwa huru, hakuna presha na hakuna kitakachopanda. Ukiwa kwenye nafasi ya kufuata mwendo wa magurudumu, mikono itapanda trekta likitembea tu. Baada ya wenzo, pima oili ya giaboksi, kwa sababu haidroliki inatumia hiyohiyo. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji: mwaga yote, weka mpya.

Vipuri vipo kwa sababu muundo huu haukufia Coventry: Millat ya Lahore, Pakistani, iliendelea kuunda MF 240 yenye injini ya ukoo huohuo wa Perkins. Ila matrekta mengi ya umri huu yalishabadilishwa injini na wenyewe wa zamani. Ukienda dukani chukua namba iliyogongwa kwenye bloku, pamoja na kipuri kibovu chenyewe. Bati jekundu lililoandikwa 135 halimsaidii muuzaji kujua ringi zipi zitaingia.