Mavi ya Chuma ya Limbo na Handaki la Hezekia

Video ya magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu haichakai. Huzunguka katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya na kwaya, ikapotea kidogo, kisha ikarudi, na kila inaporudi hukosi mtu wa kuandika kwamba sasa sayansi imeikubali Biblia. Chanzo cha madai hayo ni Ron Wyatt, Mmarekani aliyekuwa muuguzi wa dawa za usingizi, aliyefariki mwaka 1999. Alidai pia kuiona safina ya Nuhu na sanduku la agano. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kuwekwa mezani mbele ya wataalamu kikapimwa.

Wapo wanaodhani kwamba anayeitilia shaka video hiyo anaitilia shaka imani. Sivyo. Ugunduzi wa kweli una taratibu zake, nazo mtu anaweza kujifunza bila kusafiri hadi Yerusalemu. Zilishatumika Kisarawe.

Katika miaka ya 1980, Felix Chami, ambaye baadaye alikuwa profesa wa akiolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba mahali panapoitwa Limbo, kusini mwa jiji. Wakati huo Mkuranga, ilipo Limbo leo, ilikuwa bado haijatengwa na Wilaya ya Kisarawe, ndiyo maana tasnifu yake ya mwaka 1988 inalitaja eneo hilo kuwa la Kisarawe. Alikuta mavi ya chuma kwa wingi, vipande vya mabomba ya udongo ya kupulizia moto, na vigae vya vyungu vyenye nakshi ya aina inayoitwa Kwale, kutokana na Kwale ya Kenya ambako vyungu vya namna hiyo vilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960. Vipimo viliyaweka mabaki hayo katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Kwa maneno mengine, katika zama zilezile ambazo nyaraka za Paulo zilikuwa zikisomwa katika makanisa machanga ya Korintho na Roma, watu wa pwani hii walikuwa wanayeyusha chuma. Chami aliendelea kuchunguza pwani na bara lake, Misugusugu ya Kibaha ikiwemo, na kitabu chake cha mwaka 1994 kikaonyesha kwamba mizizi ya Waswahili imo kwa wakulima na wahunzi hao wa milenia ya kwanza.

Umri unajulikanaje? Mti ulio hai huvuta kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo ya kaboni hiyo ni ya aina inayooza polepole. Mti ukikatwa, uvutaji unakoma na saa inaanza kuhesabu: kila baada ya miaka kama 5,730, nusu ya kaboni hiyo iliyobaki huwa imetoweka. Willard Libby, aliyebuni kipimo hicho, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Lakini mkaa peke yake hausemi kitu. Lazima ijulikane ulikuwa tabaka gani, kando ya kigae gani, juu au chini ya mavi ya chuma. Mkaa uliochomolewa na kuletwa mfukoni ni mkaa tu.

Na hata ukipimwa vizuri, una mipaka. Limbo inatuambia walichoyeyusha na vyungu walivyofinyanga. Haituambii wahunzi wale waliitwa nani wala walimwomba nani kabla ya kuwasha tanuri.

Sasa tuongeze kitabu. Mwongozo mmoja wa mabaharia, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK na unaojulikana kama Periplus, unataja mji wa biashara uitwao Rhapta, wa mwisho katika pwani yetu, uliouza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kwa muda mrefu Rhapta ilikuwa jina kwenye karatasi. Mwaka 1999 Chami alichapisha taarifa ya shanga alizozitambua kuwa za Kirumi, zilizotoka Mkukutu karibu na Kibiti, upande wa Rufiji. Je, Periplus imethibitishwa? Shanga hizo zinaipa nguvu habari ya biashara kati ya pwani hii na dunia ya Warumi. Hazionyeshi mji wenyewe ulipokuwa, na wataalamu wanaendelea kubishana juu ya hilo. Kila sentensi ya kitabu inabaki na mzigo wake wa kujibeba.

Hivyo ndivyo inavyopasa kuisoma Biblia mbele ya udongo, na mfano mzuri kuliko yote ni Hezekia. Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasema Senakeribu wa Ashuru aliivamia Yuda, Hezekia akamlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, na Yerusalemu haikutekwa. Senakeribu naye aliandika habari zake kwenye udongo wa kuchoma. Anajisifu kwa kuteka miji 46 na kumfungia Hezekia ndani ya mji wake. Dhahabu anaitaja ileile, talanta 30. Fedha anasema 800. Kuiteka Yerusalemu hasemi, na mfalme wa Ashuru hakuwa mtu wa kunyamazia ushindi. Kuta za jumba lake la Ninawi zilichongwa picha za kuanguka kwa Lakishi, na leo zipo kwenye Makumbusho ya Uingereza, London. Lakishi yenyewe imechimbwa, na ngazi ya mawe na udongo ambayo Waashuru waliijenga ili kupanda ukuta bado ipo.

Ndani ya Yerusalemu kuna handaki la maji la mita 533 linalohusishwa na mfalme huyo. Mwaka 2003 watafiti walipima mabaki ya mimea yaliyonaswa ndani ya plasta yake, wakapata umri unaoafikiana na zama za Hezekia. Kipimo ni kilekile cha kaboni. Fizikia haina dini wala haina nchi, na anayeiamini kwa Hezekia hana sababu ya kuikataa kwa wahunzi wa Limbo.

Vipi kuhusu malaika aliyewapiga Waashuru 185,000 usiku mmoja? Hapo udongo hauna la kusema. Unaweza kuonyesha kwamba vita vilikuwepo, kodi ililipwa na mji ulisalia. Kwamba ulisalia kwa mkono wa Mungu ni ushuhuda wa mwandishi wa Biblia, na hakuna tabaka la kuchimba ambalo litaandikwa hivyo.

Majina nayo hupanda kutoka ardhini kwa zamu yake. Israeli inatajwa kwenye jiwe la Farao Merneptah la takriban mwaka 1208 KK, lililopatikana Misri mwaka 1896. Nyumba ya Daudi ilisomwa kwenye kipande cha jiwe kilichopatikana Tel Dan mwaka 1993, na jina la Pontio Pilato kwenye jiwe la Kaisaria mwaka 1961. Aliyekuwa akisema Daudi ni hekaya tupu alilazimika kujipanga upya.

Lakini mwumini mwaminifu ataje na Yeriko. John Garstang alichimba huko katika miaka ya 1930 akatangaza kwamba amezipata kuta zilizoanguka siku za Yoshua. Kathleen Kenyon alirudi kati ya 1952 na 1958 na mbinu bora zaidi, akaonyesha kwamba kuta zile zilikuwa za zamani mno kwa Yoshua. Kuna wanaompinga hadi leo, ila wataalamu wengi wako upande wake. Aliyemshangilia Garstang kanisani amjibu nini Kenyon? Mwenye kukubali ushahidi unapompendeza tu hajakubali ushahidi.

Sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alipoyaona magofu ya Zimbabwe Kuu, aliyahusisha na Malkia wa Sheba na dhahabu ya Suleimani. Kwa miaka mingi Ofiri ya Biblia, ilikotoka dhahabu hiyo, ikatumika kuwanyang'anya Waafrika kazi ya mikono yao, ingawa David Randall-MacIver alishaonyesha mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, kwamba waliojenga ni Waafrika. Biblia haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mtu aliyekuja na jibu mkononi kisha akatafuta mawe ya kulibeba.

Nasi tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba imani haihitaji historia. Ukristo unasimama juu ya madai kwamba mambo fulani yalitokea mahali fulani, chini ya liwali fulani, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Kwa hiyo udongo una haki ya kuuliza juu ya liwali, mji na mwaka. Juu ya kaburi tupu, utabaki kimya. Mchungaji anayewaahidi waumini kwamba uchimbaji utawaondolea haja ya kuamini anawaahidi kitu ambacho hana.

Linalobaki ni mahali kitu kilipokutwa. Mwaka 2002 lilitangazwa sanduku la mifupa lenye maandishi ya Yakobo nduguye Yesu. Halikuchimbwa na mtaalamu, lilitoka mikononi mwa mkusanyaji. Kesi ya kughushi ikasikilizwa kwa miaka, mshtakiwa akaachiwa huru mwaka 2012 bila ya mahakama kusema kwamba maandishi ni halali. Lingekutwa kaburini na watu wenye daftari na kipimo, ubishi wa leo ungekuwa mwingine kabisa.

Viwanja vya Kibaha na Kisarawe vinapimwa na kuuzwa kila siku, misingi inachimbwa, greda linasawazisha. Ukikuta vigae vyenye nakshi au mavi ya chuma shambani kwako, usivikusanye kwenye ndoo na usivitupe. Viache vilipo, vipige picha, kisha toa taarifa serikali ya kijiji au mtaa ili iwafikie watu wa Mambo ya Kale. Sheria yetu ya mambo ya kale ipo tangu mwaka 1964.