Gesi, Robben, Feza na Ngwair: Wiki Iliyotupima Mimi na Mchumba Wangu

Kuna wiki zinapita tu, hata huzikumbuki zilikuwa na nini. Halafu kuna wiki moja ambayo mimi na mwenzangu tukiitaja mpaka leo lazima tunyamaze kidogo. Ilianza Jumatano, Mei 22, 2013, ikaisha Jumanne iliyofuata. Ndani ya siku hizo 7 nilikuwa na maoni juu ya kila kitu: gesi, mpira, Big Brother, Bongo Fleva. Kitu pekee ambacho sikuuliza ni mwenzangu anaendeleaje.

Tulia msomaji, nikupe mkanda mzima.

Mimi ni mtoto wa Mtwara mjini, yeye ni wa Temeke, Dar. Posa ilishapelekwa, mahari ilishakubaliwa, harusi tulipanga Desemba. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kazi kwao, mapenzi yetu yalikuwa ya vocha. Bila salio, hakuna uchumba.

Jumatano: "Gesi haitoki"

Siku hiyo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alikuwa anasoma bajeti ya wizara yake kule Dodoma. Mtwara maduka yalifungwa, watu wakakaa kwenye redio na televisheni wasikie kitu kimoja tu: lile bomba la kupeleka gesi Dar linajengwa au halijengwi? Jibu likawa linajengwa. Mji ukalipuka. Matairi yakachomwa, nyumba na ofisi zikawashwa moto, mabomu ya machozi yakarindima. Mimi na mama tulijifungia ndani, mlango tumeuegemeza kabati.

Usiku jamaa akapiga. Nikategemea aniulize, "Mama hajambo? Mmekula?" Yeye akaanza: "Sasa nyie wa Kusini mnachoma mji wenu wenyewe? Gesi ni ya taifa zima bwana!" Halafu akacheka. Kile kicheko kilinikata maini. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, nikakata simu, nikaizima kabisa.

Maoni yangu siyafichi. Kuchoma nyumba ya jirani hakuna utetezi. Lakini swali la "na sisi tutapata nini?" lilikuwa halali. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Watu wameisikia tangu wakiwa wadogo, wamezeeka nayo. Januari mwaka huohuo wa 2013, baada ya vurugu za Mtwara na Masasi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja mwenyewe, akakaa na makundi mbalimbali, akasikiliza, na mji ukatulia. Bomba halikufutwa, lakini watu walisikilizwa. Mei wakasomewa. Kuambiwa na kuulizwa ni vitu viwili tofauti, hata chumbani.

Jumamosi: mpira ambao sikuuona

Mei 25 ilikuwa fainali ya Klabu Bingwa Ulaya pale Wembley, Wajerumani watupu: Bayern Munich na Borussia Dortmund. Mchumba wangu ni mgonjwa wa mpira. Kwa kawaida tungetumiana meseji dakika zote 90. Siku hiyo kibanda umiza cha mtaani kwetu kilifungwa, na mimi nilishakula kiapo kwamba sitaanza kumtafuta. Robben akafunga dakika ya 89, Bayern ikashinda 2-1. Nilisikia kwenye redio, nikashika simu, nikaiweka. Kiburi kitu kibaya jamani.

Siku hiyohiyo Afrika ilikuwa inasherehekea miaka 50 tangu OAU ianzishwe kule Addis Ababa. Hotuba zilikuwa nyingi. Mama akasikiliza, akaguna. Yeye anakumbuka vita ya ukombozi wa Msumbiji iliyoanza 1964, wapiganaji wa FRELIMO wakivuka Ruvuma huku na huko, na hofu ya Mreno iliyokaa kwenye vijiji vya mpakani. "Sisi tulitoa amani yetu," alisema. "Hakuna aliyekuja kutuuliza inagharimu shilingi ngapi." Hapo nikaelewa kwamba hasira ya Jumatano ilikuwa na mizizi mirefu kuliko bomba.

Jumapili: Feza anaingia mjengoni

Mei 26 Big Brother Africa, ile ya "The Chase", ikaanza. Tanzania tuliwakilishwa na Feza Kessy na Nando, zawadi dola 300,000. Ofisini Jumatatu, tuliofanikiwa kufika, mjadala ukawa Feza kavaa nini, Nando kasema nini. Na mimi nikachangia kwa mbwembwe zote!

Halafu nikajishtukia. Ninajua mwanamke nisiyewahi kukutana naye kalala saa ngapi kule Afrika Kusini, lakini mwanaume niliyevalishwa naye pete sijui ameamkaje. Siku ya tano hiyo. Msomaji, ukiona unafuatilia mapenzi ya kwenye televisheni kuliko ya kwako, kuna kitu kimeoza.

Jumanne: Ngwair

Mei 28 jioni taarifa ikaanza kuzunguka. Albert Mangwea, Ngwair wetu, amefariki Johannesburg. Miaka 30 tu. Nikadhani uzushi. Huyu ndiye wa "Ghetto Langu" na "Mikasi", mtu aliyechana kana kwamba anapiga stori tu kijiweni. Na sisi wawili tulijuana kwa ajili yake: kwenye "send-off" ya rafiki yangu, DJ akapiga "Mikasi", jamaa akaja kunivuta nicheze na viatu vyangu vya kuazima.

Simu ikaita. Yeye. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Tukalia wote, salio linakatika.

Ndipo akaniambia. Kaka yake ni mwanajeshi, kituo chake Nachingwea. Jumatano ile wanajeshi wanne wa JWTZ walifariki kwenye ajali ya gari wakitokea Nachingwea kuja Mtwara kutuliza ghasia. Yeye alisikia habari hiyo bila majina, na kaka hakupatikana kwenye simu hadi kesho yake mchana. Alinipigia akiwa na hofu hiyo tumboni. "Nilicheka kwa sababu nilikuwa nakaribia kulia," alisema. "Nilitaka uniulize."

Kaka alikuwa salama. Lakini aibu iliyonishika sitaisahau. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati nikisubiri kuulizwa, yeye yuko Temeke anasubiri kuulizwa. Kila mmoja alijibiwa siasa.

Nilichobaki nacho

Tulifunga ndoa Desemba ileile. Bomba likakamilika mwaka 2015, gesi inasafishwa Madimba na kusafiri mpaka Dar. Mwaka huohuo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa Mtwara. Kuna waliopata ajira, kuna wanaouliza bado, na mimi na mume wangu hatujakubaliana mpaka leo juu ya hilo. Wala si lazima.

Ila tuna sheria moja ya nyumbani. Kukiwa na habari kubwa, kabla hujatoa maoni, uliza kwanza: "Wewe uko salama? Watu wako je?" Siasa baadaye, baada ya chai.

Siku hizi tunaishi Dar. Jioni nikiwasha taa huwa namtania: "Shukuru, hiyo ni gesi ya kwetu. Si mlisema haitoki?"

Ananiangalia, anacheka kile kicheko chake: "Nyie ndio mlisema. Na kilichotoka Mtwara cha maana nimekioa."