Je, Wajua? Macho Yako Katikati ya Kichwa

Mchore mtu bila kumtazama, kwa kukisia tu. Kama hujazoea, bila shaka utayaweka macho juu mno, karibu na nywele. Sasa nenda kwenye kioo upime: toka utosini hadi machoni, na toka machoni hadi kidevuni, ni karibu sawasawa. Paji la uso halina la kutushughulisha, basi tunalifupisha. Viganja navyo tunavidhulumu. Weka kitako cha kiganja kidevuni, uone vidole vinavyofika karibu na mwanzo wa nywele. Kisha angalia mikono midogo iliyojaa kwenye michoro ya wanafunzi.

Je, wajua mafundi hupima mwili kwa vichwa? Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, alisema urefu wa mtu ni vichwa 8. Alikuwa mkarimu: watu wazima wengi hukaribia 7 na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa 4, ndiyo maana ukimchora kwa vipimo vya baba yake unapata kizee kifupi.

Michelangelo alipojiandaa kumchora nabii wa kike wa Libya kwenye dari la kanisa la Sistine, mnamo 1510 au 1511, aliyemkalia kama modeli alikuwa mwanamume. Karatasi yenyewe, ya chaki nyekundu, iko Metropolitan Museum, New York. Mgongo umechorwa kwa msuli mmoja mmoja. Lakini kinachonivutia mimi ni pembeni: vidole vya mguu wa kushoto, vimerudiwa na kurudiwa. Fundi wa kiwango kile, na bado dole gumba halijamridhisha!

Wanawake walinyimwa kwa muda mrefu zoezi hilo la kumchora modeli aliye uchi. Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa miongoni mwa waasisi wa Royal Academy ya London mwaka 1768. Johann Zoffany alipowachora waasisi wakiwa darasani na modeli aliye uchi, mabibi hao wawili aliwatundika ukutani kama picha, maana haikuwa adabu waonekane mle. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walikubaliwa kuchora modeli mwaka 1893, tena aliyesitiriwa kiunoni. Kule Philadelphia ipo picha ya miaka ya 1880 ya wanawake wa chuo cha sanaa wakiwa darasani wakifinyanga udongo, na modeli wao ni ng'ombe. Mwalimu wa chuo hicho, Thomas Eakins, alilazimika kujiuzulu mwaka 1886 baada ya kumvua modeli wa kiume kitambaa cha kiunoni mbele ya wanafunzi wa kike.

Na je, wajua zoezi moja bora huchukua muda mfupi kabisa? Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa uchoraji ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941 yeye akiwa ameshafariki, aliwataka wanafunzi wachore kwa sekunde chache tu: si pua wala kucha, bali mwili unavyoinama, uzito ulikoegemea. Raba weka mbali. Zoezi lake jingine ni kinyume chake: jicho litambae polepole kwenye ukingo wa mwili, penseli ilifuate, na karatasi usiitazame. Pua itaishia karibu na sikio. Ni kawaida.