Mwezi Ukisogea Karibu Mno

Shuleni wengi wetu tulikariri kwamba sayari yenye pete ni Zohali. Mtihani ukapita, tukaishia hapo. Kumbe sayari zote nne kubwa zina pete: Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptune. Za Zohali zinang'aa kwa sababu karibu zote ni barafu. Za wenzake ni hafifu na nyeusi, ndiyo maana za Uranus ziligunduliwa 1977 tu, na za Mshtarii 1979.

Na pete yenyewe si kitu kimoja kama bangili. Miaka ya 1850 James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu tupu, bila kutoka duniani, kwamba bangili ngumu isingedumu. Lazima iwe vipande visivyohesabika, kila kimoja kikizunguka kivyake. Ndivyo ilivyo: vingine ni kama punje ya mchanga, vingine kama nyumba.

Sasa mbona vipande hivyo havijikusanyi vikawa mwezi? Hapo ndipo penye utamu. Aliyekulia Pwani anajua maji kupwa na kujaa. Mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuinua bahari. Hebu geuza mambo: chukua mwezi mdogo uuweke jirani na jitu kama Zohali. Tofauti ya mvuto inakuwa kubwa mno. Upande wa karibu unavutwa sana, wa mbali unaachwa nyuma, na mvuto wa mwezi wenyewe unashindwa kuushikilia. Unasambaratika.

Mwaka 1848 Mfaransa Édouard Roche alikokotoa mpaka wa hatari hiyo. Kama densiti za mwezi na sayari zinalingana, mpaka uko takriban mara 2.4 ya nusu kipenyo cha sayari, ukipima kutoka katikati yake. Pete kuu za Zohali zote ziko ndani ya mpaka huo. Kinachovunjika humo hakiungani tena. (Satelaiti zetu zinapita karibu na dunia salama kwa sababu zimekazwa kwa skrubu, hazitegemei mvuto wake zenyewe.)

Ubishi uliobaki ni wa umri. Wapo wanaosema pete za Zohali ni za zamani kama sayari yenyewe. Wengine, wakitumia vipimo vya chombo cha Cassini kilichomaliza safari yake 2017, wanasema barafu ile ni safi mno kwa kitu kilichopigwa na vumbi la anga kwa miaka bilioni nne. Huenda ina miaka milioni mia chache tu. Mimi hoja ya usafi inanishawishi, ila kesi haijafungwa.

Dunia je? Mwezi wetu uko mbali, na kila mwaka unazidi kusogea kwa karibu sentimita 4, kwa hiyo hautatupa pete. Wa kuangaliwa ni Phobos, mwezi wa Mirihi, unaoshuka kama mita 2 kila karne. Katika miaka kama milioni 50 ama utaigonga sayari yake, ama utavunjika njiani, na Mirihi itavaa pete.