Gustave, mamba anayebebeshwa kila kifo

Je, wajua kwamba mnyama maarufu kuliko wote Burundi hajawahi kupimwa?

Ulaya mnyama wa kutishia watoto ni mbwa mwitu. Wafaransa walimuua mpaka akaisha. Alipovuka milima kutoka Italia na kuonekana tena mwaka 1992, ugomvi kati ya wafugaji na watetezi wake ukaanza upya. Bujumbura hofu hiyo inakaa majini, kwenye mdomo wa mto Rusizi unapoingia ziwa Tanganyika, nayo ina jina: Gustave.

Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa mjuzi wa wanyama watambaao aliyeishi nchini miaka mingi. Kwa kumtazama tu, alimkadiria zaidi ya mita 6 na kilo 900 hivi. Awali alidhaniwa kutimiza miaka 100, lakini meno yake yalionekana kamili mno kwa kikongwe, umri ukashushwa hadi 60. Faye na wenzake walimtegea tundu la chuma la mita 9 na ushei, wakamwekea hadi mbuzi hai. Asubuhi moja, baada ya dhoruba, mbuzi hayupo, mamba hayupo. Filamu ya jaribio hilo ilitoka mwaka 2004.

Husemwa ameua watu 300. Nani alihesabu? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Burundi mwaka 1993 vilitupa maiti nyingi mtoni, na wapo wanaodai ndipo mamba walipozoea nyama ya binadamu. Mimi naona jina moja liliwafaa wengi: aliyepotea majini, awe ameliwa, amezama au ameuawa na mwenye bunduki, akiandikwa kwa Gustave kesi imekwisha. Mamba hapelekwi mahakamani.

Mamba wenyewe, wote kwa jumla, wana kazi nyingine. Wadogo hula wadudu na vyura, wakubwa samaki na mizoga, ambayo isingeliwa ingeoza majini. Jike hulinda mayai yake, mara nyingi 50 hivi, kwa karibu miezi 3, na joto la kiota ndilo huamua kama watatoka madume au majike. Watoto wakianza kulia ndani ya mayai, mama hufukua mchanga na kuwabeba hadi majini kwa kinywa kile kile kinachovunja mfupa wa nyati. Dume likizidi ukubwa huwa zito kwa samaki wepesi, hapo hugeukia windo kubwa la pole pole. Mtu anayeoga ni windo la namna hiyo.

Ni miaka sasa Gustave hajaonekana kwa uhakika. Wenzake wapo, na viboko pia, na ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni maji yaliingia hadi majumbani Gatumba, karibu na Bujumbura. Kwa hiyo ukishuka ufukweni usiulize habari za Gustave. Waulize wavuvi ni wapi wao wenyewe hawaogi, na jua likizama toka majini.